Shairi Kichwani Kwanza, Maana Baadaye

Shuleni nilifundishwa kuhesabu: mizani (silabi) ngapi, vina (sauti za mwisho zinazofanana) gani, bahari (aina ya shairi) ipi. Nilipata alama nzuri na sikupenda hata shairi moja. Nilipofikisha miaka 43 baba alifariki, na katika siku zile nikaanza kuhifadhi shairi la maombolezo la beti nne. Sikulielewa vizuri. Nilitaka tu niwe nalo hata pasipo kitabu. Toka hapo nimehifadhi mengine 11, na njia ni ileile.

Chagua shairi lenye mshororo (mstari) mmoja unaokurudia bila kuuita. Usichague kwa sababu ni maarufu. Kwa kuanzia, tarbia inafaa sana: mishororo minne kila ubeti, kila mshororo mizani 16, nane kila kipande, yaani nusu ya mshororo. Likiwa na kibwagizo, yaani mshororo wa mwisho unaorudiwa kila ubeti, mzigo unapungua, maana beti nne zina mishororo 16 lakini ya kujifunza ni 13 tu.

Linakili kwa mkono. Kisha anza na ubeti wa mwisho. Tukianzia juu, ubeti wa kwanza tunaurudia mara mia na wa mwisho mara tano, halafu tunashangaa mbona tunakwama mwishoni. Ukianzia chini, kila siku unatembea kuelekea mahali unapopajua.

Sema kwa sauti, tena ughani ukiweza, hata kama sauti yako si nzuri. Mashairi yetu yalitungwa yaimbwe. Mimi hujifunza mishororo miwili kwa siku, nikiosha vyombo au nikitembea. Usiku nasoma, asubuhi nasema bila kutazama. Nikikwama sifungui karatasi upesi. Nangoja, nautafuta mshororo kwa kina chake. Mara nyingi huja.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nipende ushairi, nalo ni makosa. Chukua mshororo huu niliotunga kwa mfano: “Nilikwenda kisimani, nikarudi bila maji.” Ukisema “nikarejea bila maji”, mizani zinakuwa tisa, na sikio linajikwaa kabla hujahesabu. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya zile hesabu za shuleni: ni uzio unaolinda maneno ya mshairi ndani ya kichwa cha mtu mwingine. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu mwaka 1840, na mashairi yake mengi yalikusanywa miongo kadhaa baadaye kutoka kwa watu waliokuwa bado wanayakumbuka.

Lakini kuna kosa ambalo mizani hailikamati. Katika lile shairi la maombolezo nilikuwa nikisema “amekufa” mahali mshairi alipoandika “amelala”. Zote mizani nne. Nilijisahihisha kwa siku sita, na kila mara ulimi ulirudi kulekule. Siku ya saba nikajiuliza kwa nini yeye hakulitumia neno langu. Nikapitia beti zote nne: hakuna kifo kilichotajwa kwa jina lake hata mara moja. Aliyekuwa akiomboleza alikataa kulitamka. Ningelisoma shairi hilo mara ishirini kwa macho nisingeliona hilo. Kwa hiyo, neno unalolikosea kila mara liwekee alama kwenye nakala yako, kisha uulize mshairi alikuwa na sababu gani.

Maneno ya kale au ya lahaja yasikutishe. “Mato” ni macho, “nti” ni nchi. Yaseme kwanza yakae mdomoni, kamusi itafuata baadaye. Mashairi huru ni magumu zaidi kuhifadhi kwa kuwa hayana vina vya kukushika mkono. Hayo nayashika kwa picha, moja baada ya nyingine, na bado hunipotea.

Ukishalihifadhi, lirudie baada ya siku moja, tatu, wiki, mwezi. Halafu mtafute mtu mmoja umsomee. Mimi nilimpigia dada yangu simu usiku, nikamghania lile la baba. Akanyamaza. Kisha akasema, “Kaka, nirudie ubeti wa tatu, polepole,” nikasikia akifungua droo kutafuta kalamu.