Kuandaa kongamano la programu huria: anzeni kupanga kazi, hotuba zifuate

Wachangiaji wa programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake (maandishi yanayoiunda) uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuuboresha, wengi wanajuana kwa maandishi tu. Mtu anaweza kukagua msimbo wako miaka mitatu bila kuijua sauti yako. Kongamano ni nafasi ya kuwakutanisha watu hao, na hotuba peke yake haistahili nauli ya mtu, maana ataitazama kwenye video. Kwa hiyo mimi hupanga kuanzia mwishoni.

Hatua ya 1: Amueni kitakachobaki

Kabla ya kuzungumzia ukumbi, kamati ikae iandike sentensi moja: tukishatawanyika, mradi utakuwa na nini ambacho leo hauna? Inaweza kuwa wachangiaji wapya ambao msimbo wao wa kwanza umeshapokelewa, au uamuzi kuhusu toleo lijalo. Debian, mradi wa mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, wanafanya kongamano lao la DebConf tangu mwaka 2000, na siku za DebCamp, ambazo ni za kufanya kazi tu, hutangulia mkutano wenyewe. PyCon ya Marekani, kongamano la lugha ya programu ya Python, huweka siku za kazi baada ya hotuba. Kama mnalenga wageni, fuateni mpangilio huo wa pili: mgeni anaingia kwenye kazi akiwa ameshajua amwendee nani.

Hatua ya 2: Fedha na ukumbi

Tengenezeni bajeti mbili, moja ya mambo ya lazima na nyingine ya mambo yatakayofanyika wadhamini wakijitokeza. Msitie saini mkataba wowote kwa kutegemea fedha ambayo bado ni ahadi. Tafuteni pia mapema taasisi iliyosajiliwa ya kupokea michango; fedha ya michango ikipitia akaunti ya mtu binafsi, maneno hayakosekani. Na nafasi ya kuzungumza jukwaani isiuzwe kwa mdhamini.

Chuo kikuu mara nyingi hufaa kuliko hoteli, kwa kuwa kina vyumba vingi vidogo. FOSDEM, kongamano la programu huria la Ulaya, hukusanya maelfu ya watu chuoni Brussels, bila kiingilio wala kujiandikisha. Mkienda kukagua ukumbi, hesabuni soketi na mjaribu projekta kwa kompyuta yenu wenyewe. Kuhusu intaneti, watu arobaini wakipakua vifurushi vilevile vya programu kwa pamoja, laini itazidiwa. Seva moja ndogo ndani ya ukumbi, yenye nakala za vifurushi hivyo, inaondoa tatizo hilo.

Hatua ya 3: Wito wa mada

Hapa ndipo kongamano linapopata sura yake, kwa hiyo msipaharakishe. Tumieni pretalx, ambayo nayo ni programu huria, kupokea mapendekezo. Kwenye fomu ulizeni: msikilizaji akitoka ataweza kufanya nini? Swali hilo huchuja mengi. Anayependekeza "Mustakabali wa programu huria" atahangaika kulijibu. Mwenye "Tulivyohamisha mfumo wa majaribio bila kuchelewesha toleo" atalijibu kwa mstari mmoja.

Mzunguko wa kwanza wa kupiga alama uende bila majina. Kuficha huko hakukamiliki, maana jina la mradi tu humtaja mwenyewe, lakini kunapunguza kuchagua mashuhuri kwa umashuhuri wao. Mzunguko wa pili, funueni majina muone kama ratiba nzima haijajaa watu wa kampuni moja. Wanaokataliwa waandikieni sababu, hata sentensi moja. Wengi wao ni wachangiaji wenu wa mwakani.

Hatua ya 4: Ratiba yenye mapengo

Mada dakika 25, maswali 5, kisha mapumziko ya dakika 15. Kamati hutamani kujaza mapumziko hayo kwa mada nyingine. Kataeni, kwa sababu mabishano yenye faida hutokea koridoni. Tengeni saa moja ya mada fupi za dakika tano, watu wajiandikishe siku hiyohiyo kwenye karatasi ukutani.

Hatua ya 5: Kanuni za maadili

Kunakili kanuni zilizopo ni rahisi. Kazi ni kujua nani anapigiwa simu. Chagueni watu wawili, namba yao iandikwe nyuma ya kila kitambulisho, na muamue kabisa nani atashughulikia lalamiko linalomhusu mwanakamati.

Hatua ya 6: Kurekodi

Sauti kwanza. Picha yenye ukungu huvumilika, sauti ya mwangwi haivumiliki. Chukueni sauti kwa waya kutoka kwenye mikseri, msitegemee kipaza sauti cha kamera, na mwongozaji arudie kila swali kwenye kipaza sauti. Ridhaa ya kurekodiwa na leseni ya video ombeni kwenye fomu ya mada, si mlangoni.

Hatua ya 7: Siku za kazi

Wiki moja kabla, wasimamizi wa mradi waweke alama kwenye kasoro ndogo zinazomfaa anayeanza, na maelekezo ya kusakinisha yajaribiwe kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuuona mradi huo. Kila meza iwe na mtu mwenye ruhusa ya kuunganisha msimbo wa mgeni na ule wa mradi palepale. Asipokuwepo, mchango wa mgeni utasubiri wiki kadhaa, na kufikia hapo ameshapoa.

Baada ya kufunga, chapisheni hesabu zote, zikiwemo za hasara. Kisha wapeni waandaaji wanaofuata mikataba, orodha ya wadhamini na nywila za akaunti, kabla kamati haijavunjwa.