Kabla hujanunua feni ya prosesa uliyoiovakloki

Wadau, kama umeovakloki prosesa (yaani umeilazimisha ikimbie kuliko spidi ya kiwandani) usiangalie tu ukubwa wa feni wala taa za rangi, taa hazipoozi kitu. Angalia wati kwanza. Prosesa ya AMD Ryzen 5 3600 imeandikwa wati 65 ila hata kabla hujaigusa inaruhusiwa kuvuta mpaka 88, sasa ukiipandishia volteji joto linakua kwa kasi sana maana ukiongeza volteji asilimia 10 tu umeme unaoliwa unapanda kama asilimia 20 hivi, na bado hujahesabu spidi. Ile feni fupi iliyokuja nayo kwenye boksi hapo haiwezi, itapiga kelele tu.

Mi naonaga bora hitisinki (chuma kinachonyonya joto la prosesa) ya mnara yenye paipu za shaba kuanzia nne, na feni ya milimita 120 inayozunguka taratibu, kuliko kafeni kadogo kanakolia kama nyuki. Ila pima keisi yako! Hitisinki kubwa kama Noctua NH-D15 ina urefu wa milimita 165 na keisi kibao mfuniko haufungi, halafu feni ya mbele inaweza kugombana na RAM ndefu. Soketi nayo (pale prosesa inapokaa kwenye ubao), AM4 na AM5 za AMD zinashea vishikizio vingi vya hitisinki lakini LGA1700 ya Intel inataka vyake.

Pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, weka tone dogo katikati ya prosesa, kama punje ya njegere. Na kwa wa Dar au Mombasa, chumba kikiwa nyuzi 32 hakuna feni itakayoshusha prosesa chini ya hapo, kwa hiyo usiovakloki mpaka mwisho, acha nafasi ya joto kupanda.