Ukishikwa na korona, dawa ya presha usiiache
Hapa Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma, bado nasikia eti losartan na enalapril, dawa za presha, huifungulia korona mlango. Woga huo ulivuma 2020. Utafiti wa Brazil ukalinganisha wagonjwa wa korona walioacha dawa hizo na walioendelea nazo, na kuacha hakukuwa na faida yoyote. Basi endelea kumeza kama kawaida. Presha ikipanda, moyo na figo, ambavyo korona nayo huvisumbua, vinaelemewa mara mbili. Ila ukiharisha au kutapika sana, ukisimama unaona kizunguzungu, mkojo umepungua, usijiamulie: mpigie daktari siku hiyohiyo, huenda akasimamisha dozi kwa muda. Homa itulize kwa panadol. Diklofenaki na ibuprofen hupandisha presha (muuza duka hatakwambia).