Boila ya kombi ikigoma Uingereza: msikubali kujazia presha kila asubuhi

Haya ni kwa wenzangu mnaopanga nyumba Uingereza, hasa mliofika juzi juzi na mmezoea ile hita ya kuogea ya nyumbani, ikiungua unamwita fundi wa mtaani na jioni mnaoga. Huku nyumba nyingi zina boila ya kombi, sanduku limetundikwa jikoni, inatumia gesi, haina tangi la maji ya moto, inapasha palepale unapofungua bomba na hiyo hiyo ndo inapasha redieta.

Kabla hujampigia mtu yeyote, pima mwenyewe. Washa redieta, halafu fungua bomba la moto jikoni. Vyote baridi, angalia mita ya gesi kama ni ya kulipia kabla maana hela ikiisha gesi inakata kama Luku tu, angalia geji ya presha ya maji ya boila, na kama nje kuna barafu kagua lile bomba la plastiki la boila linalotoka nje, likiganda boila inazima, limwagie maji ya uvuguvugu, ya kuchemka hapana litapasuka. Redieta za moto lakini bomba baridi, mara nyingi ile valvu ya ndani inayogeuza joto kati ya redieta na bomba imekwama. Maji yanakuja moto kisha yanapoa, au yanakuwa moto ukifungua kidogo tu, hapo shuku ile pleti ya ndani ya boila inayopasha maji ya bomba imeziba, na kwa London au Kent chokaa ni mshukiwa wa kwanza maana maji yao ni magumu. Shawa peke yake ndo mbovu? Basi usiisingizie boila, tatizo liko kwenye shawa.

Sasa mtego wenyewe. Geji boila ikiwa imepoa inatakiwa isome kati ya bar 1 na 1.5. Ikishuka sana boila inajifunga, maji ya moto hamna na redieta hamna. Nilipompigia wakala wa nyumba, binti mpole kabisa, akaniambia kuna kipaipu chini ya boila, fungua koki mpaka sindano ipande, funga, umemaliza. Na kweli ikapanda. Kesho yake imeshuka. Napiga simu, jibu lile lile, jazia tu. Ikawa ndo maisha, kila asubuhi mtu anapiga magoti chini ya boila kabla watoto hawajaenda shule.

Jamani nisikilizeni. Kujazia mara moja kwa miezi kadhaa ni kawaida. Kujazia kila siku au kila wiki SIYO kawaida, maji yanaenda mahali. Ama kuna bomba linavuja chini ya sakafu, ama lile tangi dogo la ndani linalopokea maji yakitanuka limepoteza hewa. Hili la pili utalijua, ukiwasha redieta sindano inapanda kuelekea 3, valvu ya usalama inafunguka, maji yanatiririka nje kwenye kipaipu cha shaba ukutani, boila ikipoa sindano inalala chini. Nilitoka na tochi nikaona ukuta umelowa na kijani kimeota chini ya kile kipaipu. Na ubaya wa kujazia kila siku, kila maji mapya yanaingia na hewa, hewa inaleta kutu, kutu inakuwa tope jeusi, tope linaziba pleti. Yaani lile jazia-jazia ndo linakuja kukuharibia maji ya moto.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Na tulipohama wakala akataka kukata gharama kwenye dipoziti, eti mpangaji ameharibu boila kwa kuijazia maji! Yeye aliyesema kwa simu nijazie! Kilichoniokoa ni picha za geji zenye tarehe na imeili nilizokuwa namtumia, nikapeleka mgogoro kwenye mfuko unaotunza dipoziti, huduma yao ni bure, hela ikarudi.

Kwa hiyo kila simu ifuatishie imeili, hata mistari miwili: leo tumeongea, umeniambia nijazie, presha imeshuka tena, picha hii hapa. Kwa England kifungu cha 11 cha sheria ya mwaka 1985 ya wenye nyumba na wapangaji kinamtaka mwenye nyumba atengeneze vifaa vya kupasha maji na nyumba, ila wajibu wake unaanza akishajulishwa, na simu haina ushahidi. Akikaa kimya, nenda kanseli, yaani halmashauri ya eneo lako, kitengo cha afya ya mazingira. Wazungu wa huku watakupa pole tamu sana kwenye simu, pole hiyo haina uzito, kinachowasogeza ni karatasi. Mi naona ni jamii inayoheshimu maandishi kuliko mtu aliyesimama mbele yao, sikubaliani nayo ila ndo ilivyo.

Na nyie shemeji na binamu mnaosema "mwite yule jamaa yetu, anajua boila, atafanya kwa bei ya kindugu", nawapenda, lakini acheni. Kufungua boila ya gesi ni kazi ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe, ile orodha rasmi ya mafundi wa gesi, ana kadi yenye picha, na nyuma ya kadi imeandikwa kazi anazoruhusiwa, isome kabla hajafungua begi. Gesi ikivuja au kengele ya monoksidi (gesi ya sumu inayotoka boila ikiungua vibaya) ikilia, toeni watoto nje kisha mpige namba ya dharura ya gesi, 0800 111 999, usiku wa manane pia wanapokea. Monoksidi haina harufu, mtu anaumwa kichwa anadhani ni mafua, analala haamki. Undugu wa bei usifike huko.