Video ya muziki ya wanafunzi: jinsi ya kuwahoji watazamaji alafu kurudi kuediti

Ukiwaonyesha marafiki zako video mliyoshuti watakwambia imebamba. Wote. Ata yule aliyekuwa anasoma meseji zake nusu ya wimbo. Hapo bado hujapata maoni, umepewa salamu tu. Mimi naediti video hapa Kisumu, za harusi na za wasanii wadogo, na kila muhula vijana wa shule na wa vyuo wananiletea laptop na swali lilelile, tuongeze nini? Nami huwauliza nani ameitazama na alisema nini dakika gani, na hapo ndipo wananyamaza. Kwa hivyo huu mwongozo ni wa hio sehemu ya kunyamaza.

Hatua ya 1: Andaa drafti ya kuonyesha watu

Rangi inaweza kuwa bado, majina ya mwisho yanaweza kuwa bado, lakini sauti iwe ile ya mwisho kabisa kutoka studio, ju sauti ikiwa mbaya mtu atakwambia picha ni mbaya na hatajua kwa nini. Weka namba za muda kwenye kona ya picha. Kwa programu ya kuediti ya DaVinci Resolve, ile ya bure, nenda Workspace alafu Data Burn-In, zitatokea zenyewe. Ukitumia programu ya simu isiyo na hio kitu, tumia tu sekunde za pleya.

Usiitume WhatsApp kama video ya kawaida. Inaminywa, picha inajaa ukungu, alafu unaanza kupokea malalamiko ya ukungu ambao si wako. Itume kama dokumenti, ama ipandishe YouTube kwa ile seting ya wenye linki pekee. Na kama unaweza, nenda nayo mwenyewe mkononi, ni bora kuliko zote, nitaeleza.

Hatua ya 2: Chagua macho

Wale mlioshuti nao hawahesabiki, wanajua hadithi tayari, wanajaza mapengo kichwani bila kujua. Tafuta rika lenu ambao hawakuwepo siku ya kushuti. Tafuta mtu asiyewajua kabisa, mimi hupenda kinyozi, pale mtaa wa Kondele watu wamekaa foleni, hawana haraka na hawana sababu ya kukupendeza. Tafuta mzee mmoja anayejua benga ama ohangla, ile miziki ya Kiluo, vizuri kama wimbo uko upande huo, atakwambia kama mnacheza nje ya ngoma. Na kama wimbo ni wa Dholuo, tafuta mtu asiyesikia Dholuo ata kidogo, Mkisii ama Mkalenjin hivi, umuulize mwishoni hadithi inahusu nini. Akiweza kuisimulia, picha zenu zinafanya kazi. Asipoweza, mmewaachia maneno kazi yote.

Usiwaweke wote meza moja. Mwenye sauti kubwa akisema tu "mimi naona ni ndefu", wengine wote watasema ndefu. Mmoja mmoja, ama kila mtu aandike kabla hajafungua mdomo.

Hatua ya 3: Mtazame anayetazama

Kaa kando yake, si nyuma. Mara ya kwanza aione yote bila kusimamisha na wewe usieleze chochote, usiseme "hapo tulikosa taa", usicheke mapema. Shika kalamu, andika sekunde ambayo macho yametoka kwenye kioo, sekunde alipotabasamu, sekunde alipokunja uso. Mwili haujui kuwa na adabu. Mara ya pili mwambie asimamishe popote anapotaka kusema kitu.

Mwonyeshe kwa simu, na earphone zile za bei rahisi, ju wengi wataionea hapo. Maandishi mnayoyaona makubwa kwa laptop yanakuwa sisimizi kwa simu.

Hatua ya 4: Maswali

Ukiuliza "umeipenda?" umeharibu. Uliza hivi: Ni picha gani unakumbuka sahii, kabla ya kufikiria? Huyu msichana wa kwenye video anamtafuta nani? Ungekuwa peke yako ungeruka wapi? Kuna mahali ulichanganyikiwa? Ukimtumia mtu hii, utakuwa unamtumia nani? Hilo la mwisho ni la maana kama mwalimu amewaambia mtaje walengwa wenu, mkisema ni vijana wa miaka 15 hadi 19 alafu kila mtu anasema angemtumia mamake, mna kazi. Zinaingia zote kwa Google Forms kama watu wako mbali.

Hatua ya 5: Geuza malalamiko kuwa chanzo

Hapa ndipo nguvu yote inaenda. Chora jedwali la safu nne: muda, maneno yake kama alivyoyasema, wangapi wamesema, na chanzo unachodhani. Mtazamaji ni mkweli kuhusu anachohisi lakini dawa anayokupa mara nyingi siyo. Akisema "ongezeni rangi" pengine anamaanisha uso hauonekani.

Chukua video moja ya wanafunzi iliyoshutiwa ufuo wa Dunga, hapa Kisumu, msanii yuko ndani ya mashua, nyuma ni ziwa. Malalamiko matatu yalirudi kwa watu tofauti.

"Mdomo haufuati wimbo." Walicheki taimlaini, kila kitu kimelingana na sauti ya kamera, wakakasirika na watazamaji. Shida ilikuwa spika iliyokuwa inampigia msanii wimbo. Ilibaki ufukweni karibu na kamera, na mashua ilikuwa kama mita 30 ndani. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hivyo msanii aliusikia wimbo takriban milisekunde 90 baada ya kamera kuusikia, akaimba na kile alichosikia. Kwa fremu (zile picha moja moja za video) 25 kwa sekunde, kila fremu ni milisekunde 40, basi mdomo umechelewa fremu mbili na kidogo. Na jicho halisamehi sauti ikitangulia mdomo: viwango vya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, vinasema watu huanza kugundua sauti ikiwahi kwa milisekunde 45 hivi, lakini ikichelewa inaweza kufika 125 kabla wagundue. Wakavuta zile klipu za mashua zianze fremu mbili mapema, zile za ufukweni hawakugusa, kwisha.

Lakini kama mdomo uko sawa mwanzoni alafu unazidi kuachana kadiri wimbo unavyoenda, hio ni kitu kingine. Simu nyingi hurekodi fremu zisizo na mwendo sawa. Pitisha klipu kwa programu ya HandBrake, chagua Constant Framerate, alafu ndio uanze kuediti, sio baadaye.

"Uso umekuwa mweusi." Shoti za uso walizishuti jioni ju jua likizama pale linapendeza. Omera, Kisumu iko upande wa mashariki wa ghuba, jua linazama kule ziwani, kwa hivyo ukiweka ziwa nyuma ya msanii jioni umeweka na jua nyuma yake. Simu inaona mwanga mwingi, inashusha picha yote, uso unazama. Kwa kuediti unaweza kuchora duara kwenye uso na kupandisha mwanga hapo pekee, kidogo, ukizidisha chengachenga zinatokea. Kama mna nafasi ya kurudi, rudini asubuhi mapema, jua linatoka mgongoni kwa kamera na linampiga usoni. Saa sita msijaribu, jua liko utosini na kofia inamfunika macho.

"Mbona maji yalikuwa na majani alafu hayana?" Hii niliipenda. Gugumaji linasukumwa na upepo, siku ile asubuhi lilikuwa limejaa ufukweni, mchana lilikuwa limeenda zake. Wao walichanganya shoti za saa mbili na za saa nane ndani ya beti moja. Dawa haikuwa kurudi kushuti, walipanga tu shoti za gugumaji zote beti ya kwanza na za maji wazi kuanzia kiitikio, na ikaonekana kama walikusudia.

Ukiambiwa "katikati inaboesha", usikimbilie kukata haraka haraka. Angalia sekunde kumi kabla ya pale macho yalipotoka, uchovu huanza hapo. Mara nyingi beti ya pili inarudia shoti zilezile, upana uleule, mahali palepale. Hamisha lokesheni moja nzuri kutoka beti ya kwanza uifiche mpaka ya pili. Na taa zikionekana zinacheza kwenye shoti za ndani, stima yetu ni 50 Hz, spidi ya shata (muda kamera inapokea mwanga kwa kila fremu) iwe 1/50 ama 1/100 ya sekunde, lakini hio ni ya kushuti tena.

Hatua ya 6: Amua utakayokataa

Wengine watataka dansi zaidi, wengine hadithi zaidi, huwezi kuwapa wote. Rudi kwa walengwa mlioandika. Kanuni yangu: kwa mambo ya ladha nasubiri watu kadhaa waseme kitu kimoja, lakini kwa mambo ya ukweli mtu mmoja anatosha. Jina limeandikwa vibaya, mama samaki anaonekana usoni na hakuombwa ruhusa, msanii yuko kwa mashua bila jaketi la kuokolea, hapo usihesabu kura. Yule mama mtafuteni mwombe, akikataa mnatoa hio shoti.

Hatua ya 7: Drafti ya pili, macho mapya

Hifadhi drafti ya kwanza kwa jina lake, usiifute. Rekebisha, alafu onyesha watu wapya kwa maswali yaleyale, pamoja na mmoja ama wawili wa zamani wakwambie kama kilichowasumbua kimeisha. Kuna wakati dawa inaleta ugonjwa wake, mmevuta klipu ya mashua na sasa mkato hauangukii tena kwenye ngoma. Lile jedwali liweke kwa folda ya kazi yenu, mkihitaji kumweleza mwalimu ama majaji wa tamasha la drama na filamu kwa nini mlibadilisha beti ya pili, mnalo kwa maandishi.

Ikishatoka YouTube, angalia chati ya watazamaji wanaobaki, hasa sekunde 30 za kwanza, lakini ngoja watu wa kutosha waitazame kwanza, ikiwa ni darasa lenu tu haina maana. Na makosa myamalize kabla ya kupandisha ile ya mwisho. YouTube inakuruhusu kukata vipande vya video iliyopanda tayari, haikuruhusu kuweka faili jipya kwa linki ileile. Mkitaka kusogeza zile fremu mbili baada ya hapo mnapandisha video mpya, na hesabu ya waliotazama inaanza sufuri.