Namna ya Kuwazuia Mbu Kuzaana Katika Maji ya Akiba

Mwaka 2004, baada ya kiangazi kirefu, homa ya chikungunya, ya virusi vinavyoenezwa na mbu, ilizuka Lamu, na uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba takriban watu watatu kati ya kila wanne walikuwa wameambukizwa. Wengi huamini kuwa maradhi ya mbu hufuata mvua tu, lakini safari hiyo ukame wenyewe ulichangia: maji yalipoadimika, watu waliyaweka muda mrefu kwenye mitungi, mapipa na madumu bila kuyabadilisha, na mbu wa Aedes, mwenye mabaka meupe miguuni na anayeuma mchana, akapata pa kuzalia ndani ya nyumba. Chandarua ni cha lazima usiku kwa ajili ya malaria, ila dhidi ya mbu huyu kazi ya kwanza iko kwenye chombo cha maji.

Teua siku moja ya juma na uizunguke nyumba nzima, kuanzia paa hadi uani, ukitazama kila mahali maji yalipotuama. Vijidudu vinavyojinyonganyonga chini ya uso wa maji ndivyo viluwiluwi, na kwa joto la pwani yetu huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi siku kumi, kwa hiyo usafi wa mara moja kwa mwezi hausaidii. Kumwaga maji pekee pia hakutoshi, kwa kuwa mbu huyu hubandika mayai yake kwenye kuta za chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakingoja chombo kijazwe tena. Sugua kuta za ndani kwa brashi ngumu au kwa makumbi ya nazi, suuza, kisha mwaga maji hayo juu ya mchanga mkavu penye jua. Ukimaliza kujaza, funika kwa kifuniko kinachobana au kwa kitambaa kilichofungwa kamba ukingoni pasipo upenyo.

Birika la mawe la bafuni ni vigumu kulimwaga kila wiki, hasa maji yakiwa ya kununua. Hapo naipendekeza kwa moyo wote desturi ya nyumba za kale za Lamu ya kufuga samaki wadogo birikani, kwa sababu samaki hao hula viluwiluwi. Hakikisha wangali hai, na usitie klorini humo, kwani itawaua. Hodhi za kunyweshea punda zisuguliwe kila wiki kama mapipa. Vifuu, makopo na tairi kuukuu viondolewe, na dau lililopandishwa pwani lipinduliwe. Mashimo ya maji machafu nayo yafunikwe, maana humo huzaana mbu wa Culex wanaoeneza matende na mabusha.

Wenye mifugo, hasa Lamu ya bara na vijiji vya Malindi, wana jambo jingine la kuangalia baada ya mvua kubwa. Mayai ya mbu wanaoeneza Homa ya Bonde la Ufa hudumu udongoni kwa miaka na huanguliwa mafuriko yanapotuama, na mlipuko wa mwaka 2006 na 2007, ulioanzia Garissa na kufika Pwani, uliua watu zaidi ya 150 nchini Kenya. Ukiona kondoo, mbuzi au ng'ombe wengi wanatupa mimba kwa pamoja na vitoto vinakufa, mwarifu afisa wa mifugo mara moja. Usishike mimba iliyotoka kwa mikono mitupu, usichinje mnyama mgonjwa, na usinywe maziwa mabichi. Chanjo itolewe kabla ya mlipuko, kwani sindano moja ikichoma wanyama wengi maradhi yakiwa yameshaingia huweza kuyasambaza.

Mtu akishikwa na homa pamoja na maumivu makali ya viungo, apelekwe akapimwe, malaria ikiwemo. Asipewe aspirini wala ibuprofeni kabla daktari hajahakikisha kuwa si dengi, homa nyingine ya virusi inayoenezwa na mbu wa Aedes, kwa kuwa dawa hizo huongeza hatari ya kutokwa na damu. Parasetamoli na maji mengi vinafaa zaidi. Juma la kwanza alale ndani ya chandarua hata mchana, kwa sababu wakati huo virusi vimo damuni mwake na mbu akimuuma atawapelekea wengine nyumbani.