Kolera Goma: mambo ya kuweka tayari kabla mtu hajaugua

Mtu mzima aliyeshikwa na kolera kali anaweza kupoteza hadi lita moja ya maji kwa saa. Akianza kuharisha saa mbili usiku, alfajiri inaweza kumkuta hoi, hata moto (pikipiki) za kwanza hazijaanza kupita. Ndiyo maana maji safi, paketi za seramu (unga wa chumvi na sukari wa kukorogwa kwenye maji ya kunywa) na javeli (dawa ya maji yenye klori) huwekwa nyumbani kabla ya kuhitajika. Bila tiba, hata nusu ya wenye kolera kali wanaweza kufa. Wakirudishiwa maji mapema, hafi hata mmoja kati ya mia.

Wengi hapa huanza kuogopa mvua ikinyesha. Lakini Julai 1994 ilikuwa kiangazi. Mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma ndani ya siku chache, na wiki ya kwanza maji safi yaliyogawiwa yalikuwa wastani wa mililita 200 kwa mtu kwa siku, yaani glasi moja. Vyoo havikuchimbika kwenye mwamba wa lava, na ziwa likawa la kuchota na la kuchafua papo hapo. Karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kolera na kwa kuhara damu iliyofuata. Basi usiangalie mawingu tu. Angalia bomba: siku maji yanapokatika ndiyo siku ya hatari, kama ilivyokuwa Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 na kuharibu mifumo ya maji ya mji.

Anza na hesabu. Mtu mmoja anahitaji kama lita 15 kwa siku kwa kunywa, kupika na usafi. Nyumba ya watu sita ni lita 90, bidoni (madumu) nne na nusu za lita 20. Kati ya hizo, moja iwe ya kunywa peke yake, ifungwe kitambaa cha rangi shingoni ili mtoto asiikosee. Mkiweza, mtunze akiba ya siku mbili.

Bidoni yenyewe ndiyo inayosahaulika. Ichungulie kwa tochi: ukiona utelezi wa kijani ukutani, maji utakayotia humo yatachafuka hata kama yametoka bombani yakiwa masafi, na utelezi huo pia hula klori. Tia changarawe laini kiganja kimoja, maji ya sabuni lita moja, funga, tikisa kwa nguvu dakika chache, mwaga, suuza. Kisha tia lita moja ya maji yenye vijiko vitatu vikubwa vya javeli ya asilimia 5, zungusha ifike kila pembe, acha nusu saa, suuza tena. Rudia kila wiki. Mfuniko nao uoshwe. Kipande cha nailoni au gunzi la mahindi si mfuniko.

Kwa kutibu maji, soma kwanza asilimia kwenye chupa ya javeli, maana hapa watu wengi hukosea. Ile ya asilimia 5 isiyo na manukato: mililita 2 kwa bidoni ya lita 20 (matone kama 40). Ile ya asilimia 2.6: mililita 4. Bomba la sindano lisilo na sindano hupima vizuri kuliko kifuniko. Ukitumia vidonge vya klori, cha miligramu 67 ni kwa lita 20 za maji maangavu. Maji yenye tope yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, ndipo utie dozi maradufu. Javeli iliyokaa juani au iliyofunguliwa miezi mingi imeshapoteza nguvu, hata kama bado inanuka.

Kuhusu kusubiri, nusu saa inayoandikwa kwenye paketi ni ya maji ya kawaida. Maji ya Ziwa Kivu yana ualkali mwingi, pH yake inapita 8, na humo klori hufanya kazi polepole. Maji ya ziwa yape saa nzima. Anayeyapandisha kwa chukudu (baiskeli ya mbao ya kusukuma) hadi mtaa wa Ndosho tayari ana sehemu ya saa hiyo njiani, mradi klori ilitiwa pale pale ziwani na mfuniko umefungwa. Muda ukiisha, fungua unuse: harufu kidogo ya klori lazima iwepo. Isipokuwepo, uchafu umeimaliza, tia tena. Wanaomwaga maji kwa sababu ya harufu hiyo wanamwaga kinga yao.

Kuchemsha pia kunatosha, dakika moja tangu maji yatokote kwelikweli, hata kwa mwinuko wa Goma. Ila makala (mkaa) ni ghali, na maji yaliyochemshwa hayana ulinzi wowote baadaye: kikombe kimoja kilichoshikwa na mkono mchafu kinarudisha kila kitu nyuma.

Mezani, acheni desturi ya watu wote kunawa ndani ya beseni moja kabla ya fufu. Wa mwisho ananawa uchafu wa wenzake. Mmoja amimine maji kwa jagi, mwingine asugue kwa sabuni. Sombe (majani ya muhogo) na sambaza (dagaa wa ziwani) za jana zipashwe moto hadi katikati, si juu tu.

Seramu ya kunywa: weka paketi 10 nyumbani, maana mgonjwa mmoja anaweza kunywa lita 10 kwa siku. Paketi moja kwa lita moja kamili ya maji safi, si kwa glasi. Ikizidi ukali inadhuru, hasa kwa mtoto. Ikizidi wepesi haisaidii. Iliyokorogwa imwagwe baada ya saa 24. Zikiisha: lita moja ya maji, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Kila anapoharisha, wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, wa miaka 2 hadi 9 mililita 100 hadi 200, mkubwa anywe kadiri atakavyo. Akitapika, subiri dakika 10, rudia kwa kijiko. Mtoto aendelee kunyonya.

Kapsuli za antibiotiki za kununua mtaani zisiwe kwenye akiba yenu. Haziwakingi wazima, na kimelea cha Goma cha 1994 kilikuwa tayari sugu kwa tetrasiklini na doksisiklini. Chanjo ya kunywa ikipita mtaani, nendeni wote wenye mwaka mmoja na zaidi. Tangu Oktoba 2022 kampeni nyingi hutoa dozi moja kwa sababu ya uhaba. Kinga yake ni ya muda mfupi kuliko ya dozi mbili, na huchukua siku kadhaa kujengeka.

Fahamuni mapema kituo cha kutibu kolera kilicho karibu, nani mwenye moto atakubali usiku, na nauli iwekwe kando. Kuhara maji meupe kama ya kuoshea mchele, macho kuzama, ngozi ya tumbo ikifinywa inakawia kurudi, mkojo kukatika: ondokeni mara moja, mkimnywesha seramu njiani. Mchukue ndoo na nailoni ya kukalia. Nyuma yake, sakafu na choo vioshwe kwa sehemu 1 ya javeli ya asilimia 5 na sehemu 24 za maji, bila kuchanganya na dawa nyingine ya usafi. Akifariki nyumbani, msimuoshe wenyewe. Iteni wahudumu wa afya, na aliyegusa maiti asipike chakula cha matanga. Akipona na kurudi, choo chake kinaweza kubeba vimelea hadi siku 10.